Hospitali ya serikali, kliniki ya kulipia au duka la dawa: transi wa Uganda aende wapi?

Dada mmoja transi anayesuka nywele Katwe alinijia na mfuko wa nailoni umejaa paketi tupu za vidonge vya uzazi wa mpango. Alikuwa akimeza viwili viwili kila siku tangu Pasaka, kwa kuwa alisikia vina homoni ya kike na dukani hakuna aliyemuuliza swali. "Kaka, mguu wa kushoto unauma na umevimba, wa kulia hauna neno. Ni kawaida?" Haikuwa kawaida. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge la namna hiyo likipanda hadi kwenye mapafu huua. Usiku ule ule tulipanda boda, akalazwa hospitali ya serikali, akapona.

Tangu hapo kila anayeniuliza aanzie wapi homoni namjibu kwa kirefu. Mimi ni mwanamume transi, yaani niliandikwa msichana nilipozaliwa lakini ni mwanamume (kwa mwanamke transi ni kinyume chake). Nipo kwenye testosteroni, homoni ya kiume, mwaka wa saba sasa, na kazi yangu ni uelimishaji rika hapa Kampala, hasa kwa wanaozungumza Kiswahili: Wakongomani wa Nsambya na Makindye, vijana wa Arua na Busia, waliotoka kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyaka. Hapa nitaiweka milango iliyopo mmoja kando ya mwingine, niseme ninavyoiona.

Serikali inalipia nini

Nianze na lenye uchungu. Hospitali za serikali Uganda hazina huduma ya kuwapa transi homoni wala upasuaji wa kuthibitisha jinsia, yaani wa kuufanya mwili ulingane na jinsia tunayojijua. Ada za wagonjwa zilifutwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, lakini matibabu haya hayamo katika hiyo "bure". Bima ya afya ya taifa nayo hatuna: Bunge lilipitisha muswada wake tarehe 31 Machi 2021, ukakosa saini ya Rais. Mtu anayesubiri bima imlipie homoni anasubiri kitu ambacho hata mama mjamzito na mgonjwa wa kisukari bado hawajakipata.

Naona ni dhuluma. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali yetu kwenye orodha ya magonjwa ya akili mwaka 2019, likaiweka kwenye sura ya afya ya ujinsia, ili watu waendelee kupata matibabu bila kuitwa wendawazimu. Kodi ya muda wa maongezi, ya sukari na ya mafuta tunalipa kama wengine.

Lakini matibabu haya si sindano peke yake. Kuna kupima damu, figo, ini na shinikizo la damu. Kuna VVU, kuna uzazi wa mpango, kuna uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, kuna ushauri wa akili. Sehemu kubwa ya hayo inalipiwa na fedha za umma, na mkimbizi ana haki ya kutibiwa kwenye vituo vya serikali sawa na raia. Ushauri wangu, ambao nimeufikia kwa kuumia, ni huu: homoni zitafute kwa daktari wa kulipia, lakini usiiache serikali. Ukiiacha, utajikuta unalipia kila kitu, kisha fedha zikipungua utaanza kukata vipimo, na vipimo ndivyo vinavyokulinda.

Hospitali ya serikali

Tatizo la hospitali ya serikali linaanza kabla hujamwona daktari. Unafika saa moja asubuhi na daftari lako la shule, lile tunalonunua getini ili musawo, yaani mhudumu wa afya, aandikie. Unaliweka kwenye rundo, unakaa kwenye benchi. Kisha jina linaitwa kwa sauti mbele ya watu mia, na jina hilo ni la kitambulisho.

Katika hospitali moja ya rufaa niliitwa jina la kike, nikasimama na ndevu zangu changa, benchi zima likageuka. Muuguzi alirudia jina mara tatu akicheka, akawaita wenzake waje kuona. Nilitoka bila kipimo. Nikakaa miezi minane najidunga bila kupima chochote, mpaka kichwa kikawa kinauma kila asubuhi na macho yanaona vimulimuli. Damu yangu ilikuwa imekuwa nzito. Testosteroni huongeza chembe nyekundu, na kipimo cha hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kikipita asilimia 54 daktari hupunguza dozi au huisimamisha, kwa hofu ya kiharusi na damu kuganda. Kipimo chenyewe ni kile cha kawaida cha damu ambacho kituo chochote chenye maabara nzuri hukifanya. Nilikikosa kwa sababu ya aibu ya dakika tano. Simlaumu anayekimbia. Nilikimbia pia.

Baada ya hapo nimejifunza njia, na wengi niliowasindikiza imewafaa. Kwenye jalada la daftari andika herufi za mwanzo na jina la ukoo, usiandike jina zima. Nenda na karatasi ya maabara kutoka kwa daktari wako wa kulipia, iliyoandikwa vipimo tu: damu kamili, figo, potasiamu, ini. Mtu wa maabara hahitaji historia ya maisha yako ili atoe damu. Nenda na mtu wa kusimama kwenye foleni badala yako. Siku za katikati ya wiki ni nafuu kuliko Jumatatu. Mashine ikiwa imeharibika au vitendanishi vimekwisha, na hutokea mara nyingi, uliza hapo hapo ni kituo gani kingine cha serikali kinapima, usirudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini daktari anayekutibu usimfiche. Mwanamume transi aliye kwenye testosteroni akipimwa kwa viwango vya wanawake anaweza kuonekana mgonjwa ilhali ni mzima, au kinyume chake. Sema unatumia homoni gani na tangu lini. Kama huwezi kumwambia musawo huyo, omba mwingine.

Kuna jambo moja la lugha ambalo hunipa faraja. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, na Luganda vivyo hivyo, kwa hiyo ubishi unaowasumbua wenzetu wa lugha nyingine haututesi sisi. Kinachotuchoma ni *ssebo* na *nnyabo*, baba na mama, kaka na dada. Nimewahi kumwomba muuguzi mmoja mtu mzima aniite "mwanangu" tu, akakubali, na mpaka leo ndivyo anavyoniita.

Kuhusu sheria, maana hofu hii ndiyo inayowazuia wengi kufika hospitalini. Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 ni kali mno na bado ipo. Muswada wa kwanza, uliopitishwa Machi mwaka huo, ulitaka hata kujitambulisha kuwa transi kuwe kosa. Ulirudishwa bungeni, kipengele hicho kikaondolewa, na uliopita tarehe 2 Mei unaadhibu vitendo na "kukuza" ushoga. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sheria karibu yote, ila ilifuta vipengele vichache, kikiwemo kile cha kumlazimisha mtu kutoa taarifa polisi. Maana yake kwako ni kwamba musawo hana wajibu chini ya sheria hiyo wa kukuripoti kwa sababu ya ulichomwambia chumbani. Mwaka 2023 Wizara ya Afya nayo ilitoa waraka wa kuwakumbusha wahudumu wasimnyime mtu yeyote huduma wala kumbagua. Hayo hayazuii mhudumu mwenye chuki, wala polisi anayekamata kwanza na kuuliza baadaye. Yanakupa neno la kusema ukifukuzwa, na kwa mkubwa wa zamu neno hilo limewahi kunifungulia mlango.

Hospitali za misheni zinapokea ruzuku kidogo ya serikali na maabara zake mara nyingi ni nzuri. Unalipia, ila kwa kawaida ni chini ya kliniki binafsi. Zile za Kikatoliki usitegemee zikupe sindano ya uzazi wa mpango.

Sindano ya bure ambayo wanaume transi wengi hawaijui

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ni jambo linaloweza kumfaa mtu kesho asubuhi bila kutumia fedha nyingi. Kinachowaumiza wengi wetu kuliko ndevu zisizoota ni hedhi. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu, hata kijijini, kina sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Sindano hiyo haina estrojeni, homoni ya kike, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya wanaoitumia huwa hawaoni tena hedhi. Uganda ni miongoni mwa nchi za kwanza kuwafundisha watu kujidunga wenyewe ile ya kisasa yenye sindano fupi ya chini ya ngozi, kwa hiyo ukishafundishwa unaweza kupewa za kuondoka nazo na usionekane kituoni kila baada ya miezi mitatu.

Ina kasoro zake: mwanzoni damu inaweza kutoka ovyo, uzito unaweza kuongezeka, na ukiitumia miaka mingi mifupa hupungua nguvu. Lakini inalipiwa na umma, na kwa mwanamume transi ambaye hajaweza kununua testosteroni, kusimama kwa hedhi ni matibabu ya kuthibitisha jinsia, hata kama hakuna fomu ya wizara inayoyaita hivyo. Na aliyekwisha kuanza testosteroni akumbuke kwamba hiyo si kinga ya mimba, hata kama hedhi imekatika. Mimba ikiingia, testosteroni humdhuru mtoto tumboni.

Kliniki za watu walio katika hatari kubwa ya VVU

Kwa miaka mingi jibu rahisi lilikuwa hili. Kliniki ya MARPI pale Mulago, iliyoanza mwaka 2008, na vituo vidogo vya kirafiki mitaani vilipima VVU na magonjwa ya zinaa, vilitoa PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, na ARV, na viliajiri watu wanaotujua. Homoni hazikuwa kazi yao, lakini ndiko ulikoambiwa daktari gani anakubali na yupi umkwepe. Kwangu huko ndiko shule ilikokuwa.

Fedha zake nyingi zilitoka Marekani. Januari 2025 misaada ile ilisimamishwa ghafla, na hata ruhusa ya dharura iliyofuata iliiruhusu PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Vituo vya kirafiki vilifungwa au vikabaki na mfanyakazi mmoja. Februari mwaka huo Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za VVU ziunganishwe na wagonjwa wa nje wa kawaida. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu aliyehudumiwa 2022 kwamba "nenda kituo fulani, watakupokea", ulizia kwanza kama bado kipo.

Ukilinganisha na foleni ya kawaida, kliniki hizi bado zinashinda kwa heshima, na zinashindwa kwa uhakika wa kesho. Ninachowaambia watu ni wachukue huko ARV na PrEP kama bado zinapatikana, lakini kadi ya kituo cha serikali cha karibu na nyumbani wawe nayo pia. Kumeza ARV hakukuzuii kutumia homoni. Dolutegravir, iliyo kwenye kidonge tunachopewa wengi, haigombani nazo. Efavirenz ya zamani ndiyo inayoweza kupunguza estradioli, estrojeni wanayoandikiwa wanawake transi, mwilini.

Kliniki ya kulipia

Huku ndiko homoni halali zilipo: daktari anayekupima, anaandika dawa, anakupa tarehe ya kurudi. Ni madaktari wachache, karibu wote Kampala, na hawajitangazi, kwa kuwa neno "kukuza" ndani ya sheria linaweza kumfunga mtu hadi miaka 20. Unafika kwao kwa kuelekezwa na mtu aliyetangulia. Hapa sitawataja.

Faida ni faragha. Unaingia kwa miadi, jina unalotaka ndilo linaloandikwa, hakuna benchi la watu mia. Hasara ni fedha, tena fedha ya kila mwezi. Kabla hujaanza uliza mambo matatu: kumwona daktari ni kiasi gani, dawa ya mwezi ni kiasi gani, na vipimo vya miezi mitatu ni kiasi gani. Jibu la tatu ndilo huwashtua watu. Mwaka wa kwanza miongozo inataka upimwe kila baada ya miezi mitatu, baadaye mara moja au mbili kwa mwaka. Hapo ndipo unapomwomba daktari karatasi ya maabara ukapime serikalini. Daktari mzuri anakubali. Anayelazimisha kila kipimo kifanyike kwake, tena kwa bei yake, mimi humtilia shaka.

Swali jingine la kumpima daktari: ameuliza kuhusu mwili wako? Sustanon, sindano ya testosteroni inayopatikana sana huku, imetengenezwa kwa mafuta ya karanga. Katika nchi ambayo karanga ni mboga ya kila jikoni, mtu mwenye mzio wake kwa kawaida anajijua, lakini lazima aulizwe. Kwa wanawake transi, spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni ya kiume, hupandisha potasiamu, hasa figo zikiwa dhaifu, na Septrin, ambayo wenye VVU wengi huandikiwa kama kinga, huipandisha pia. Mtu anayemeza zote mbili na kula matoke kila siku, chakula chenye potasiamu nyingi, asikose kipimo hicho hata kidogo, maana potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Daktari asiyekuuliza unameza nini kingine hajastahili fedha yako.

Duka la dawa na mtaani

Nimekwisha kueleza yaliyompata dada wa Katwe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vina ethinilestradioli, aina ya estrojeni inayogandisha damu kuliko estradioli inayotumiwa na madaktari kwa kazi hii. Ndiyo maana miongozo inavikataa kwa wanawake transi. Ukivimeza viwili viwili, ukavuta sigara, ukakaa kwenye basi kwa muda wa saa kumi na mbili kwenda Nairobi, umejiwekea hatari tatu kwa pamoja.

Bei ya dukani ni ndogo na hakuna foleni, hakuna kuitwa jina. Naelewa kabisa kwa nini watu wanaanzia hapo. Kwa anayeendelea hata baada ya kusoma haya, namwomba mambo haya: aache vidonge vya uzazi wa mpango leo, asiongeze dozi akidhani mwili utabadilika haraka, sindano iwe mpya kila mara na asichangie na mwenzake, na angalau mara moja kila miezi mitatu aende kituo cha serikali apimwe shinikizo na damu. Mguu mmoja ukivimba, kifua kikibana au pumzi ikikatika, ni hospitali ya serikali saa hiyo hiyo. Dharura hawakuulizi umetoa wapi dawa kabla ya kukutibu, na wakiuliza, waambie ukweli.

Kuvuka mpaka

Nairobi kuna madaktari wengi zaidi na maneno machache zaidi, lakini mfuko unaolipa bado ni wako, na nauli juu yake. Wa Busia na Mbale wanaweza kuiona karibu. Kwa wa Kampala naona inafaa kwa ziara ya kwanza ya daktari bingwa, kisha mtu aendelee hapa nyumbani.

Afrika Kusini ndiko bara letu lilikopiga hatua. Hospitali za umma kama Groote Schuur ya Cape Town zina huduma ya transi, na tangu sheria ya 2003 mtu anaweza kubadilisha jinsia kwenye kumbukumbu zake. Ila anayedhani atashuka uwanja wa ndege na kufanyiwa upasuaji wa serikali ajue kwamba foleni ya upasuaji huko imehesabiwa kwa makumi ya miaka, na kliniki za transi zilizotegemea fedha za Marekani zilifungwa pia 2025. Nimeona vijana wawili wakiuza kila walichokuwa nacho kwa ajili ya safari hiyo. Fedha ile ingewalipia homoni za miaka hapa hapa.

Mtu kama wewe

Kama una kipato kidogo lakini cha uhakika, chukua daktari wa kulipia kwa dawa na serikali kwa vipimo. Usianze mpaka uwe na fedha ya miezi sita mkononi. Kuanza na kukatisha kila baada ya wiki sita huumiza mwili na moyo.

Kama huna kipato kabisa, na hasa kama umetoka kambini karibuni, homoni zisubiri. Anza na kadi ya kituo cha serikali, kipimo cha VVU, na kama ni mwanamume transi, ile sindano ya miezi mitatu. Kama usingizi umekukimbia na mawazo ya kujidhuru yanakujia, Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na idara za akili za hospitali za rufaa hazidai ada, na huko huhitaji kueleza jinsia yako siku ya kwanza. Sema huwezi kulala. Mengine yatakuja ukishamwamini anayekusikiliza.

Kama uko mbali, Moroto au Kitgum, ambako kila mtu anamjua mwenzake, usipime kwenye kituo cha kijijini kwako. Nenda hospitali ya rufaa ya mji mwingine, hata kama ni safari ya siku nzima.

Na kama tayari umeganda damu mara moja, usikubali estrojeni ya vidonge kutoka kwa yeyote. Yule dada wa Katwe daktari wake alikataa kumpa homoni yoyote kwa mwaka mzima, kisha akamruhusu estradioli ya kupaka ngozini pekee, ambayo haigandishi damu kama ya kumeza, na inaletwa kwa oda. Anailipia kwa vichwa anavyosuka. Vipimo vyake vyote ni vya serikali. Daftari lake lina jalada la bluu lenye herufi mbili tu, na Jumatano tunatoka Katwe saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikisimama kwenye foleni, yeye akisubiri nje chini ya mwembe mpaka nimpigie.